Damu haisubiri ratiba ya mihadhara

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mjadala kuhusu vyuo vikuu, maneno huishia kwenye mishahara na idadi ya makala ambazo wahadhiri wamechapisha. Yote mawili yana uzito. Lakini sisi tunaofundisha na kutafiti kinga ya mwili tunaona tatizo jingine ambalo kulitatua hakuhitaji bajeti mpya: namna wiki ya mhadhiri aliyeajiriwa karibuni inavyokatwakatwa. Leo ana kipindi saa 2 asubuhi na kingine saa 8 mchana. Kesho kuna kikao cha idara katikati ya siku, keshokutwa semina ya wanafunzi wa uzamili, siku inayofuata zamu ya kusimamia mtihani. Ukijumlisha saa zilizobaki utasema ana muda wa kutosha. Anao, ila umekatwa vipande ambavyo havitoshi jaribio lolote la maana.

Ombi letu kwa wakuu wa idara na wapanga ratiba ni moja. Mhadhiri wa immunolojia, yaani elimu ya kinga ya mwili, kwa miaka mitatu ya mwanzo, apewe siku mbili kamili zinazofuatana kila wiki, bila kipindi, bila kikao, bila zamu ya mtihani, na siku hizo ziandikwe kwenye ratiba rasmi kama vinavyoandikwa vipindi. Tutaeleza kwa nini ziwe mbili na kwa nini zifuatane, maana asiyefanya kazi hii anaweza kudhani tunaomba mapumziko.

Chukua kazi ya kawaida kabisa katika maabara yetu, kutenga chembechembe nyeupe za damu. Damu huchukuliwa kwenye mirija yenye heparini ili isigande. Ikifika maabara haiwekwi kwenye friji. Hukaa kwenye joto la kawaida la chumba, na ni vizuri ianze kushughulikiwa kabla ya kupita saa 8 tangu ilipochukuliwa. Huzimuliwa kwa kiasi sawa cha maji ya chumvi yenye bufa, kisha humiminwa taratibu, mrija ukiwa umeinamishwa, juu ya kimiminika kizito chenye uzito wa gramu 1.077 kwa kila mililita. Hapa mkono hautakiwi kuwa na haraka. Ukimimina kwa kishindo, damu hutoboa mpaka kati ya tabaka mbili, zikachanganyika, na sampuli ya mgonjwa imepotea. Mirija huzungushwa kwenye sentrifyuji kwa mara 400 ya nguvu ya uvutano, dakika 30, nyuzi 20 za Selsiasi, breki ikiwa imezimwa. Mashine ikishasimama, chembe nyekundu na granulosaiti (chembe nyeupe zenye punje, ambazo hatuzitafuti hapa) zitakuwa zimeshuka chini, plazma iko juu, na katikati kuna utando mweupe mwembamba. Huo ndio tunaoutafuta. Hunyonywa kwa pipeti, ukaoshwa mara mbili, mara ya pili kwa mzunguko wa polepole zaidi ili vigandisha damu vibaki nje, kisha seli huhesabiwa chini ya hadubini kwa rangi ya bluu ambayo huingia kwenye seli zilizokufa tu. Mililita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya hutoa takriban seli milioni moja.

Seli zikihifadhiwa kwa matumizi ya baadaye, huchanganywa na seramu yenye asilimia 10 ya DMSO. Kemikali hiyo huzilinda zisipasuliwe na barafu, lakini zikiwa bado kwenye joto la chumba huzidhuru, kwa hiyo kuanzia tone la kwanza hadi chupa kuingia kwenye friza zisipite dakika nyingi. Joto lishuke kwa nyuzi 1 kila dakika, kazi inayofanywa na boksi maalumu lenye alkoholi likiwekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kesho yake chupa huhamishiwa kwenye tangi la naitrojeni. Zikisahauliwa kwenye friza kwa wiki kadhaa, hakuna kitakachoonekana kibaya kwa nje. Siku ya kuziyeyusha ndipo utakapokuta nyingi zimekufa, na zilizo hai haziitikii antijeni, yaani kitu kigeni kinachoamsha kinga.

Kwa mirija michache, kazi hiyo ni saa tatu hadi nne za mkono usioachia. Na huo ni utangulizi tu. Anayetaka kuona kama seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga, zinatoa saitokini, yaani protini ambazo seli hutumia kupeana ishara, atazichochea kwa saa 6 kabla ya kuzipaka kingamwili zenye rangi. Anayehesabu seli moja moja zinazotoa interferoni gama, mojawapo ya saitokini hizo, kwenye sahani ya vishimo 96 ataiacha usiku kucha na kuirudia asubuhi. Anayepima kuzaliana kwa seli T atasubiri siku 5 au 6, na siku ya kuvuna haisogezwi. Sasa weka kipindi cha saa 8 mchana katikati ya mambo hayo. Mhadhiri ana njia mbili: aache damu mezani hadi jioni, au aharakishe.

Akiharakisha, mara nyingi huwasha breki ya sentrifyuji ili aokoe dakika chache, na utando unatikisika na kuchanganyika na tabaka za chini yake. Au hutumia kimiminika kilichotoka kwenye friji sasa hivi, ambacho kikiwa baridi uzito wake ni tofauti, na seli hazikai panapotakiwa. Kosa jingine tunaloliona mara kwa mara ni kunakili idadi ya mizunguko kwa dakika kutoka maabara nyingine bila kuuliza kipimo cha kichwa cha mashine yao. Mizunguko ileile kwenye kichwa kipana zaidi ni nguvu kubwa zaidi. Kinachopaswa kuandikwa kwenye daftari ni nguvu, na mizunguko ikokotolewe kwa kila mashine.

Akiiacha hadi jioni au hadi kesho, madhara yake ni ya hatari zaidi kwa sababu hayapigi kelele. Damu iliyokaa siku nzima, granulosaiti zake hubadilika uzito na kubaki kwenye utando pamoja na seli tunazozitaka, na mwitikio wa seli T hushuka. Namba zitatoka, grafu itachoreka. Fikiria sasa kwamba damu ya wagonjwa hutoka kliniki na kufika alasiri, wakati mhadhiri yuko darasani, ilhali damu ya watu wenye afya huchukuliwa asubuhi na kushughulikiwa papo hapo. Utafiti utaonyesha kwamba wagonjwa wana kinga dhaifu, na makala itaandikwa hivyo kwa nia njema kabisa. Kumbe kilichopimwa ni ratiba ya mhadhiri. Kwa sababu hiyo tunasihi kila sampuli iandikiwe saa iliyotolewa na saa iliyoanza kushughulikiwa, na tofauti hiyo iangaliwe kwanza kabla ya kulinganisha makundi. Ni safu mbili tu kwenye jedwali, na zimewahi kuokoa tasnifu nzima.

Hatusemi mhadhiri kijana aondolewe darasani. Kuna jambo la kihistoria linalofaa kukumbukwa na wale wanaoona ufundishaji na utafiti kama maadui. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, mwanafunzi aitwaye Bruce Glick alikuwa akiwaondoa kuku kiungo kidogo kilicho karibu na tundu la haja, bursa ya Fabricius, bila kufahamu kazi yake. Mwenzake, Timothy Chang, alihitaji kuku wa kuonyeshea darasa jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili. Akaazima kuku wa Glick, akawachoma antijeni ya salmonela. Onyesho likagoma: kuku waliokosa bursa hawakutoa kingamwili. Badala ya kulifunika jambo hilo, wakalifuatilia, na hapo ndipo ulipoanza ufahamu wetu wa seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Jarida la Science liliikataa makala yao. Ikachapishwa mwaka 1956 katika jarida la ufugaji wa kuku, Poultry Science. Kamati za kupandisha vyeo zinazopima kazi kwa jina la jarida pekee zingempa Glick alama chache sana.

Kwa hiyo darasa ni mahali pa kazi halisi. Lakini nalo lina gharama ambayo ratiba haiionyeshi. Immunolojia haifundishiki kwa madaftari ya zamani. Mgawanyo wa seli T saidizi, zinazoelekeza seli nyingine za kinga, katika makundi ya Th1 na Th2, ulioelezwa na Mosmann na Coffman mwaka 1986, bado unafundishwa sehemu nyingine kana kwamba ndio mwisho wa habari. Kundi jingine, seli za Th17, likaelezwa mwaka 2005. Sakaguchi alionyesha mwaka 1995 kundi la seli T zinazozuia mwili usijishambulie, jeni la Foxp3 likaunganishwa nazo mwaka 2003, na Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2025 ikaenda kwa Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi kwa kazi hiyo. Mhadhiri anayepokea kozi kutoka kwa aliyestaafu hapokei kozi iliyo tayari. Mhadhara mmoja mpya wa saa moja, ukiandaliwa vizuri, unakula siku nzima ya kusoma, kuchora na kutunga maswali. Ukimpa kozi tatu tofauti katika mwaka wake wa kwanza, umemkabidhi kazi ya kuandaa tu. Ni heri apewe kozi moja au mbili na aachiwe hizohizo kwa miaka mitatu. Mwaka wa pili maandalizi hupungua sana, na wanafunzi hufundishwa na mtu aliyekwisha kujua wapi darasa hukwama.

Hali ni hiyohiyo kwa mafunzo ya vitendo. Kipimo cha Elisa, cha kutambua kingamwili kwa kubadilika rangi, kinaonekana chepesi kwenye mtaala: mstari mmoja, saa 3. Ukweli ni kwamba sahani hupakwa antijeni na kulazwa usiku kucha kwenye nyuzi 4. Asubuhi huoshwa, hujazwa protini ya kuziba nafasi tupu kwa saa 1, ndipo huingia sampuli, kingamwili ya pili yenye kimeng'enya, rangi, na asidi ya kusimamisha, na kuoshwa kila baada ya hatua hadi kufika rangi. Kwa darasa, mwenye busara hupaka na kuziba sahani siku iliyotangulia, huwapa wanafunzi wawili safu mbili za vishimo badala ya sahani nzima, na hukataza kutumia vishimo vya pembeni kwa sampuli, kwani hupata joto na kukauka tofauti na vya katikati. Asidi iingie kwa mpangilio uleule na mwendo uleule rangi ilivyoingia, vinginevyo safu ya kwanza itakuwa imepewa muda tofauti na ya mwisho. Sahani isomwe mara moja kwa nuru ya nanomita 450. Kosa kubwa kwa wanafunzi ni kuosha kwa uvivu: sahani nzima inageuka rangi, vishimo vya kudhibiti visivyo na antijeni vikiwemo, nao wanashangilia. Kuwaeleza kwa nini rangi hiyo haina maana yoyote ndilo somo lenyewe la siku, na linahitaji mwalimu ambaye hakimbilii kipindi kingine.

Tuseme pia neno kuhusu fedha za kuanzia, maana wengi huzitumia vibaya kwa kukosa wa kuwaambia. Ruzuku ya kwanza ikiingia, kishawishi ni kununua mashine. Kisaitometa chenye leza, mashine ya kusoma seli moja moja zilizopakwa rangi, kisicho na mkataba wa matengenezo ni samani baada ya muda mfupi. Kabla ya mashine, hesabu naitrojeni ya kujaza tangi mwaka mzima, barafu kavu ya kusafirishia sampuli, umeme wa akiba wa friza, kengele ya joto, na mshahara wa mtaalamu wa maabara. Tukilazimishwa kuchagua, tutamchagua mtaalamu mmoja wa kudumu. Wanafunzi huhitimu na kuondoka na ufundi wao, yeye hubaki.

Kingamwili zenye rangi nazo zina masharti. Huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, gizani, na zile zenye rangi mbili zilizounganishwa hazigandishwi kamwe. Zikiganda au zikipigwa na mwanga, kiungo kati ya rangi hizo huvunjika, na mashine huanza kusoma mwanga wa rangi ya kwanza peke yake. Hapo seli zitaonekana zina alama ambayo hazina. Kila chupa mpya ipimwe kwa viwango kadhaa vya kuzimulia kabla ya kutumika, maana kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji mara nyingi ni kikubwa kuliko mahitaji, na ziada huongeza uchafu wa usomaji pamoja na gharama. Katika kila jaribio kuwe na rangi ya kutambua seli zilizokufa, kwa kuwa seli mfu hunasa karibu kila kingamwili. Kuwe na mirija yenye rangi moja moja ya kurekebishia mwingiliano, na mirija inayokosa rangi moja moja ili mpaka kati ya hasi na chanya uwekwe kwa ushahidi. Anayeruka hatua hizi kwa sababu kipindi kinamngoja hataweza kumjibu mhakiki wa jarida miezi kadhaa baadaye.

Idadi ya washiriki inastahili uangalifu kuliko inavyopewa. Ukitaka kugundua tofauti yenye ukubwa wa mchepuko sanifu mmoja (kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika) kati ya makundi mawili, kwa uwezo wa asilimia 80 wa kuiona ikiwepo na kiwango cha asilimia 5 cha kuidhania isipokuwepo, unahitaji watu 17 hivi kila kundi. Tofauti ikiwa nusu ya hiyo, unahitaji 64. Vishimo vitatu vya damu ya mtu mmoja ni mtu mmoja. Mhadhiri mwenye mikono miwili na siku mbili kwa wiki anaweza kumaliza utafiti wa aina ya kwanza ndani ya mwaka. Wa aina ya pili afanye kwa kushirikiana na maabara nyingine, na makubaliano ya sampuli na majina ya waandishi yaandikwe mapema, kabla ya tone la kwanza. Tunawasihi wasimamizi wawaambie vijana hivyo bila kuzunguka. Swali dogo lililojibiwa sawasawa linamjenga mtafiti kuliko swali kubwa lililoachwa njiani.

Kuhusu maadili, lipo jambo moja linalofumbiwa macho. Damu ya watu wenye afya ikihitajika, wanafunzi ndio walio karibu, na mwalimu hujisikia huru kuwaomba. Asiwaombe wale anaowasahihishia mitihani. Mwanafunzi anayejua kwamba alama zake ziko mkononi mwa anayeshika sindano hawezi kutoa ridhaa ya kweli, hata akitabasamu. Kibali cha kamati kieleze nani atawaomba watu, na asiwe mwalimu wao. Na miezi ya kungoja kibali si ya kukaa bure: ndiyo ya kuandika taratibu za kazi hatua kwa hatua, kuhakiki pipeti kwa kupima uzito wa maji, na kuwafundisha wasaidizi kuandika lebo zinazostahimili naitrojeni. Wino wa kawaida hufutika, na chupa isiyo na jina haina thamani yoyote.

Tumesikia swali la wakuu wa idara: siku mbili zikifungwa, nani atafundisha? Atafundisha yeye huyohuyo. Hatuombi saa za kufundisha zipungue, tunaomba zikusanywe. Mwenye vipindi vya saa 9 kwa wiki anaweza kuvitoa vyote katika siku tatu, pamoja na saa za kuonana na wanafunzi na kikao kimoja. Atachoka siku hizo tatu, na atakubali. Kinachohitajika ni mpanga ratiba aambiwe kabla hajaanza kupanga, kwa sababu rasimu ikishatoka, kila badiliko huvuruga madarasa ya wengine. Aidha ahadi hiyo iwemo kwenye barua ya ajira, kwani mkuu wa idara hubadilika, na anayemrithi hafungwi na maneno ya mdomoni. Kamati nazo zipunguzwe: mhadhiri mpya awe kwenye kamati moja, na si ile ya kuandika kumbukumbu za kila kikao.

Na idara ambayo kweli haiwezi kutoa zaidi ya siku moja, basi itoe siku hiyo pamoja na asubuhi ya siku inayofuata, hadi saa 6 mchana. Asubuhi hiyo ndiyo ya kuhamisha seli kwenda kwenye naitrojeni, kuvuna sahani zilizolala usiku na kuandika daftari mambo yakiwa bado mapya kichwani. Siku moja isiyo na asubuhi hiyo itampa mhadhiri nafasi ya kuanza jaribio na kumnyima ya kulimaliza.

Wenu,
Wahadhiri wa immunolojia